Kuchagua Polishi ya Kumalizia Rangi ya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu hatua moja tu ya kusahihisha rangi ya gari (yaani kuiondolea mikwaruzo), nayo ni ile ya mwisho, ambapo fundi huweka kampaundi kando na kuchukua polishi laini ili kuondoa ukungu na kurudisha kina cha rangi. Mifano mingi imechukuliwa kwenye magari yaliyotumika yanayotoka Japani na kuingia kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani na ndiyo yanayozua maswali mengi zaidi.

## Mambo ya msingi

Polishi ya kumalizia ni nini hasa, na inatofautianaje na kampaundi?

Zote mbili hufanya kazi kwa kusaga. Ndani yake mna chembe ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, zilizochanganywa na maji, mafuta na vilainishi, na chembe hizo hupunguza uso wa rangi mpaka kingo za mkwaruzo zitoweke. Kampaundi hukata kwa nguvu, kwa hiyo huondoa mikwaruzo mizito haraka, lakini nayo huacha alama zake, ndogo mno, ambazo jicho huziona kama ukungu. Kazi ya polishi ya kumalizia ni kufuta alama hizo za kampaundi pamoja na mikwaruzo myepesi ya kuosha. Anayeitegemea ifute mkwaruzo unaonasa ukucha atachoka bure.

Katika magari mengi kinachosagwa si rangi yenyewe bali klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo ndilo lenye viambato vya kuzuia miale ya urujuanimno. Klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, wakati unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Polishi ya kumalizia kwa kawaida huondoa chini ya mikroni 1 kwa kila awamu, ilhali kampaundi ikitumiwa na pedi ya sufi (pedi ni kiduara cha sufi au sponji kinachofungwa kwenye mashine ya kupigia polishi) huweza kuondoa mikroni kadhaa. Ndiyo maana inashauriwa kuanza na polishi laini na kupanda kwenye kampaundi pale tu inapoonekana kwamba laini haitoshi.

Je, polishi na waksi ni kitu kimoja?

Hapana. Polishi huondoa kitu juu ya rangi, waksi huongeza kitu. Waksi, silanti na siramiki ni kinga zinazopakwa baada ya rangi kusahihishwa. Mkanganyiko huu unatokana na bidhaa za madukani zilizoandikwa "polishi" ambazo kwa hakika ni waksi yenye chembe kidogo za kusaga.

Nikishapiga kampaundi, je, lazima nimalizie kwa polishi?

Inategemea rangi na kampaundi yenyewe. Kwenye gari la fedha, la kijivu hafifu au jeupe, baadhi ya kampaundi za kisasa huacha uso ambao hata tochi kali haioni kasoro yake, na hapo hatua ya pili ni kupunguza klia bila faida. Kwenye gari jeusi, la buluu iliyokolea au jekundu, ukungu utaonekana karibu kila mara na hatua ya kumalizia haikwepeki. Uamuzi ufanyike kwa tochi baada ya kufuta mafuta (angalia swali kuhusu mikwaruzo inayorudi), kwa kuwa taa za kawaida za gereji huficha mengi.

## Kusoma chupa

Namba zilizo kwenye chupa zinamaanisha nini? Je, kubwa ndiyo laini?

Hakuna mfumo mmoja unaofuatwa na watengenezaji wote, na hili limewaponza wengi. Kwa Menzerna ya Ujerumani, namba inavyopanda ndivyo polishi inavyokuwa laini: 400 ni ya kukata kwa nguvu, 2500 ni ya kati, 3500 ni ya kumalizia na 3800 ni laini kuliko zote hizo. Kwa Koch-Chemie, ambayo nayo ni ya Ujerumani, mambo ni kinyume, kwa kuwa H9 ndiyo nzito, F6 ya kati na M3 ndiyo laini. Sonax huandika namba mbili, ya kwanza ikiwa nguvu ya kukata na ya pili kiwango cha mng'ao, na hivyo Perfect Finish huonekana kama 04-06. Nazo Meguiar's M105 na M205 haziwezi kusomwa kwa namba hata kidogo: ya kwanza ni kampaundi na ya pili ni polishi ya kumalizia, lakini namba hizo ni za orodha ya bidhaa tu, wala hazipimi ukali.

Kwa hiyo namba itumike kulinganisha chupa za mtengenezaji mmoja tu.

Kuna tofauti gani kati ya chembe zinazovunjika na zisizovunjika?

Chembe zinazovunjika huanza zikiwa kubwa kiasi, kisha husagika kadiri mashine inavyozunguka, hivyo polishi huanza kwa kukata na kuishia kwa kung'arisha. Polishi ya aina hii ikiachwa kabla ya muda wake, uso hubaki na ukungu kwa sababu chembe hazijafika kwenye ulaini uliokusudiwa. Menzerna ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa tabia hii. Chembe zisizovunjika, kama zile za M205, hubaki na ukubwa uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hapo matokeo huamuliwa na pedi, mkandamizo na muda anaoutaka fundi.

Kwa anayejifunza, zisizovunjika husamehe zaidi katika suala la muda, lakini zina tatizo lao, kwamba pedi ikishajaa mabaki huendelea kukata bila kulainika na kuacha alama. Kwa fundi mwenye mkono uliotulia, tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kumfanya abadilishe chapa anayoijua.

Kwa nini gari lilikuwa safi nilipomaliza, kisha mikwaruzo ikarudi baada ya kuoshwa mara chache?

Mikwaruzo haikurudi, kwa kuwa haikuwa imeondoka. Mafuta ya polishi, na katika bidhaa nyingine vijazio vilivyowekwa makusudi, huingia ndani ya mkwaruzo na kuufanya usionekane, kisha sabuni huviondoa polepole. Jambo hili ndilo linalofanya kulinganisha polishi mbili kwa macho peke yake kuwe kazi bure: ile yenye mafuta mengi itashinda siku ya kwanza hata kama haikusahihisha kitu.

Tiba yake ni kufuta sehemu iliyopigwa kabla ya kuikagua. Pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji safi, pombe ikiwa asilimia 15 hadi 25, inatosha. Pombe kali isiyochanganywa huweza kulainisha klia, hasa iliyopulizwa karibuni, na hukauka kabla haijayeyusha mafuta. Spirti ya rangi inayouzwa kwa kuwashia majiko haifai. Watengenezaji wengi wa siramiki huuza pia dawa ya kufutia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo huteleza vizuri zaidi kwenye rangi laini.

Vipi kuhusu polishi zenye kinga ndani yake?

Zipo zinazong'arisha na kuacha waksi au silanti kwa pamoja, na kwa gari la kazi ambalo mwenyewe anataka lipendeze kwa saa mbili tu za fundi, ni chaguo la busara. Hazifai pale ambapo siramiki itapakwa baadaye, kwa sababu safu hiyo huizuia isishike, wala pale fundi anapotaka kujua kwa hakika alichosahihisha.

## Rangi ya gari lako

Nitajuaje kama rangi ya gari langu ni laini au ngumu?

Kwa kujaribu. Kuna mwelekeo unaojulikana: magari mengi ya Ujerumani huwa na klia ngumu, na Mercedes-Benz ilianza mwishoni mwa 2003 kutumia klia yenye chembe ndogo za siramiki ambayo huchelewa kukwaruzika na huchelewa vilevile kusahihishika. Magari ya Toyota, Honda na Subaru mara nyingi huwa laini. Lakini ndani ya chapa moja rangi hutofautiana kwa msimbo, kwa kiwanda na kwa mwaka, na gari lililotumika huenda limeshapulizwa upya mlango mmoja au fenda mbili bila mnunuzi kuambiwa.

Chagua eneo la sentimita 40 kwa 40 kwenye boneti, safisha kwa udongo wa kuondolea uchafu ulioganda, kisha piga polishi laini zaidi uliyo nayo kwa pedi laini. Mikwaruzo mingi ikiondoka, rangi ni laini na umepata jibu. Isipoondoka, badilisha pedi kabla ya kubadilisha polishi. Jaribio hilo la robo saa lina thamani kuliko orodha yoyote ya chapa, na lirudiwe kwenye kila sehemu inayoshukiwa kupulizwa upya.

Gari langu ni Toyota nyeusi, na kila nikimaliza hubaki na ukungu. Ninunue polishi gani?

Kabla ya kununua, soma kibati cha utambulisho cha gari mbele ya herufi C/TR. Ikiwa msimbo ni 202, una nyeusi tupu isiyo na chembe za kung'aa, inayofahamika kwa mafundi kwa ulaini wake na kwa kutoficha kosa lolote. Kwenye rangi ya namna hii polishi huwa ndiyo ya kwanza kulaumiwa, ilhali mara nyingi kosa liko kwingine.

Anza na pedi. Pedi iliyokwisha kupiga paneli mbili imebeba mabaki ya klia na polishi iliyokauka, nayo hayo ndiyo yanayochora. Weka mpya au iliyooshwa na kukauka. Kisha punguza mkandamizo katika awamu mbili za mwisho hadi mashine ijibebe kwa uzito wake, na ushushe kasi. Ikiwa unatumia polishi ya chembe zinazovunjika, ongeza awamu badala ya kuzipunguza. Baada ya hapo ndipo uhamie kwenye pedi laini zaidi, na mwisho kabisa kwenye polishi nyingine, kama Menzerna 3800 au Koch-Chemie M3.02, ambazo zimetengenezwa kwa hatua hii na hazina uwezo mkubwa wa kukata.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika. Rangi laini hivi hukwaruzwa hata na taulo la kufutia. Ikiwa unachokiona si ukungu uliotanda bali mistari myembamba iliyonyooka kwa uelekeo wa mkono wako, polishi yako haina kosa. Unahitaji taulo la maikrofaiba lenye manyoya marefu, lisilo na mshono pembeni, na dawa ya kutelezesha unapofuta.

Pedi yangu imegeuka nyeupe kabisa nilipopiga gari jeupe. Je, nimetoboa klia?

Huenda hapakuwa na klia tangu mwanzo. Nyeupe ya Toyota yenye msimbo 040 mara nyingi hupakwa kama tabaka moja la rangi, na ni kawaida yake kuhamia kwenye pedi. Rangi hiyo hupauka na kuwa kama chaki juani, lakini huitikia vizuri sana polishi ya kumalizia yenye mafuta ya kutosha. Kinyume chake, ikiwa gari ni la lulu au la metali na pedi imepata rangi ya gari, simamisha kazi hapohapo, kwa kuwa klia imekwisha mahali hapo na hakuna polishi itakayoirudisha.

## Pedi, mashine na mazingira

Kipi kina uzito zaidi katika matokeo, polishi au pedi?

Pedi. Polishi ileile ya kumalizia ikipigwa kwa pedi ngumu hukata vya kutosha kuondoa mikwaruzo ya kuosha, na ikipigwa kwa pedi laini humaliza bila alama. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha ya kuongeza kitu kimoja tu aongeze pedi. Gari dogo linahitaji angalau pedi tatu za kumalizia ili zibadilishwe kabla hazijajaa.

Tahadhari ni kwamba rangi za pedi hazina maana moja kwa watengenezaji wote. Kwa Rupes ya Italia, njano ni pedi laini na nyeupe ni laini zaidi. Kwa Lake Country ya Marekani, njano ni pedi ya kukata na nyeusi ndiyo ya kumalizia. Muuzaji anayesema "chukua ya njano" bila kutaja chapa hajakwambia kitu.

Nina rotari tu. Naweza kumalizia nayo?

Unaweza, lakini ni njia ngumu. Rotari huzungusha pedi katika duara moja, na ikiinamishwa kidogo huacha alama zinazocheza juani kila unapohama. Tumia pedi laini ya sponji, kamwe si sufi, kasi ya mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika, na uilaze pedi ikae bapa muda wote. Mashine ya kutikisa, ambayo mafundi huiita DA, huzunguka huku ikiyumba na kwa hiyo haiachi alama za namna hiyo kirahisi. Mwenye kazi ya kudumu ya magari meusi atalipwa na DA haraka.

Polishi yangu hukauka na kutoa vumbi kabla sijamaliza. Je, ni mbovu?

Si lazima. Bati la gari jeusi lililosimama juani huweza kuzidi nyuzi 60 za Selsiasi, na hakuna polishi ya maji inayostahimili hilo. Fanya kazi kivulini, asubuhi ikiwezekana, na uguse boneti kwa kiganja kabla ya kuanza. Ikiwa bado ina joto, subiri. Nairobi, ambako hewa ni kavu, polishi hukauka upesi kuliko Mombasa, ambako unyevu wa pwani huichelewesha na kuifanya iwe ngumu kufutika. Tone moja la maji ya kunyunyiza kwenye pedi husaidia katika hali ya kwanza.

Sababu nyingine ni kiasi. Matone matatu hadi manne ya ukubwa wa punje ya mbaazi yanatosha eneo la sentimita 50 kwa 50. Zaidi ya hapo hujaza pedi, na pungufu ya hapo pedi husugua ikiwa kavu.

## Kununua

Nikiwa na uwezo wa kununua chupa moja tu, ninunue ipi?

Kwa mtu anayeshughulika na magari ya Kijapani yaliyotumika, ushauri wangu ni polishi ya kumalizia iliyobaki na uwezo kidogo wa kukata, kama Meguiar's M205, Menzerna 3500 au Sonax Perfect Finish, pamoja na pedi za ugumu wa aina mbili. Yoyote kati ya hizo itasahihisha rangi laini kwa pedi ngumu na kuimaliza kwa pedi laini. M205 ina mafuta mengi na kufutika kwake kwenye joto huhitaji subira. Sonax hufutika kwa wepesi. Polishi laini kupindukia iwe chupa ya pili, kwa kuwa peke yake haitaondoa hata mikwaruzo ya kuoshea, ile inayojipanga kama utando wa buibui chini ya taa.

Je, ni salama kununua polishi iliyomiminwa kwenye chupa ndogo?

Ni salama ikiwa unamwamini muuzaji na chupa kubwa ilitikiswa vizuri kabla ya kumimina. Chembe hutuama chini, na aliyepata sehemu ya juu amepata mafuta matupu. Epuka pia chupa zilizokaa dirishani juani.

## Hali za pembeni

Gari limetoka kupulizwa gereji. Nisubiri muda gani?

Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa klia iliyotumika, kwa kuwa muda hutofautiana. Klia ya sehemu mbili, yenye hadina (dawa ya kuigandisha), mara nyingi huweza kupigwa polishi siku moja au mbili baada ya kupulizwa, lakini waksi na siramiki huambiwa zisubiri siku 30 hadi 90 ili viyeyushi vitoke. Chagua polishi isiyo na silikoni wala waksi. Silikoni ikibaki gereji huharibu rangi ya gari linalofuata kwa kuacha vishimo vidogo, na ndiyo maana chupa nyingi hutaja wazi kwamba zinafaa kwa gereji za rangi.

Nissan X-Trail yangu ilisemekana ina rangi inayojiponya. Nitumie polishi ipi?

Mwaka 2005 Nissan ilitangaza klia yenye utomvu unaonyumbuka ambao hufuta mikwaruzo myepesi wenyewe kwa msaada wa joto, na ikaianzisha kwenye X-Trail. Uwezo huo ulielezwa kuwa wa takriban miaka mitatu, hivyo gari la umri wa kuagizwa leo lichukuliwe kuwa limeupoteza. Jaribu kwa pedi laini na joto dogo. Klia inayonyumbuka hunata ikipata moto wa mashine.

Je, naweza kupiga polishi rangi isiyong'aa au filamu ya kinga?

Rangi isiyong'aa haipigwi polishi ya aina yoyote, kwa kuwa itang'aa kwa mabaka. Filamu ya kinga kwanza imwagiwe maji ya moto, kwani nyingi hujifuta mikwaruzo zenyewe.

Polishi ya kumalizia itaondoa madoa ya maji ya kisima?

Ikiwa ni chumvi iliyokaa juu, siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa huiyeyusha, na kuisugua kwa mashine kabla ya hapo ni kujikwaruzia gari. Ikiwa doa limekwisha kuila klia, polishi laini italipunguza tu, na utahitaji kupanda kama ilivyoelezwa kwenye swali kuhusu rangi laini na ngumu.

Gari linaweza kupigwa polishi mara ngapi kabla ya klia kuisha?

Hesabu ya mara haisaidii, kwa kuwa hujui waliotangulia walifanya nini. Kipimo cha unene hutoa jumla ya matabaka yote: mikroni 90 hadi 140 ni kawaida ya kiwandani, na zaidi ya 200 huashiria kupulizwa upya au puti. Kipimo cha kawaida hakiwezi kutenga klia peke yake, hivyo paneli iliyo chini sana kuliko nyingine isipigwe kampaundi. Kingo na mikunjo zibandikwe tepu ya karatasi, maana hapo klia ni nyembamba na pedi hulemea zaidi.

Juu ya paa pamebabuka na kuwa na mabaka meupe. Polishi gani inafaa?

Hakuna. Hiyo ni klia iliyokufa kwa jua na kuanza kuachana na rangi, na mashine itang'oa kilichobaki. Paa hilo lipigwe msasa na kupulizwa upya, na polishi ibaki kwa paneli za ubavuni ambazo klia yake bado imeshika.